Sifuri Iliyosogezwa

Bamba la sifuri la Kitalu cha Tisa lilikuwa limesogezwa mita kumi na mbili upande wa mashariki, na aliyelisogeza ni Terevaeli Mgonja. Waliojua ni wawili tu, yeye na mwenye kitalu, Ombeni Kileo. Mwaka mzima jambo hilo halikumdhuru mtu. Kisha asubuhi moja Mama Aikande aliingia dukani, akaomba visigino kumi vipya vya buti, akasema mchana huo analipua mwamba.

Terevaeli alikuwa ameinama kwenye kabati la kioo. Aliinuka polepole.

"Unalipua wapi, mama?"

"Kwani nina vitalu vingapi? Cha Kumi. Magharibi, mpakani na jirani yangu Kileo." Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kanga. "Maji yametoka yote. Pampu zimenguruma miezi saba mpaka wajukuu wangu wanalala kwa kelele zake. Sasa mwamba umekauka, nauona mkanda wa vito unameta. Nipe visigino vizuri, si vile vya Kichina vya daraja la pili."

"Hivi ni daraja la kwanza."

"Ulisema hivyo hivyo mwaka juzi, kijana wangu mmoja akaonekana kwenye ramani anatembea juu ya kanisa."

Siku nyingine Terevaeli angecheka. Duka lake, chini ya Kilima Ngorika, lilikuwa limejaa vitu hivyo kuanzia sakafuni hadi darini. Zamani vilikaa kwenye makombora na meli za kivita, mtu wa kawaida hakuvigusa. Tangu wakubwa wa dunia waanze kuchafuliana mawimbi ya setilaiti, hakuna aliyeamini tena kifaa kinachosoma anga, na soko likageuka. Sasa visigino vilikuja kwa makontena. Wenye matrekta walivitaka, wafugaji walivifunga shingoni mwa ng'ombe viongozi, vipofu waliviweka kwenye fimbo. Lakini wateja wakubwa walikuwa wachimbaji, maana huko chini setilaiti haikuwahi kufika hata siku ilipokuwa nzima.

Ndani ya kila kisigino, kifaa kidogo kama punje ya hindi kilichopachikwa chini ya buti, kulikuwa na vihisi sita. Vitatu vilihisi msukumo: mbele, kando, juu. Vitatu vilihisi mgeuko. Havikuona kitu. Vilijua tu vimesukumwa na kugeuzwa kiasi gani tangu viliposimama mara ya mwisho, kama mtu aliyefungwa kitambaa machoni anayepapasa kutoka mlangoni kwake. Buti lilipokanyaga na kutulia, kifaa kilijisahihisha kidogo. Hatua iliyofuata, kikajisahihisha tena. Kwa hiyo mtu alitembea kutwa nzima gizani na Mchunga akajua alipo.

Mchunga ndiyo mashine ya ofisi ya ramani. Watu wa kilimani waliipa jina hilo kwa sababu ilihesabu miguu kama mchungaji anavyohesabu mbuzi. Baruti za kilima kizima zilikuwa na kufuli, na kufuli lilimsikiliza Mchunga peke yake. Akiona kuna mguu karibu na mlipuko, kufuli halifunguki, hata umbembeleze vipi. Toka ije sheria hiyo, hakuna aliyekufa kwa baruti ya jirani.

Ila Mchunga alikuwa na udhaifu mmoja. Aliamini mahali pa kuanzia. Ukisema umeanzia hapa, naye anahesabu kutoka hapa. Na mahali hapo palikuwa bamba la sifuri, lililofungwa mlangoni mwa kila kitalu.

"Mama," Terevaeli alisema, "si ungengoja kesho?"

"Kesho kuna nini?"

"Visigino vipya vinataka kulala kwanza. Vikizoea baridi ya—"

"Terevaeli." Mama Aikande alivaa miwani akamtazama. "Mimi nimenunua vitu hivi kabla hujaota ndevu. Havilali. Kwani kuna nini?"

Hapo ndipo angesema. Mdomo wake ulifunguka kabisa. Kisha kichwani mwake akamwona shemeji yake Lemburis akitiwa pingu, na dada yake Namkunda amesimama mlangoni na watoto, na mdomo ukajifunga wenyewe.

"Hakuna kitu, mama. Nenda salama."

Alimfungia visigino kwenye mfuko. Alifunga fundo mara mbili, bila kuinua macho.

*

Pikipiki ilipanda kilima ikikohoa. Terevaeli alimhimiza dereva mpaka dereva akamwambia, "Bosi, ukitaka shuka usukume."

Alipata nafasi ya kufikiri, na hakuitaka. Mwaka uliopita mkanda wa mawe ya kijani ulikuwa umepotea upande wa Kitalu cha Tisa. Watu sabini na wawili walikuwa wanafunga mizigo. Mvua ikabomoa banda la mlangoni, na katika kulijenga upya Kileo akamwita pembeni, akamwonyesha mahali pa kufunga bamba. Mita kumi na mbili tu. Kitalu cha jirani kilikuwa kimejaa maji, hakuna mtu wala panya. Watu wangefuata mkanda kuvuka mpaka, na Mchunga angewaona bado wako kwao. Terevaeli alikuwa mweka sifuri, mfungaji wa mabamba hayo, mwenye leseni ya kilima kizima. Alilifunga bamba pale na kuacha namba zake za zamani kwenye ramani. Alijiambia anaokoa kazi za watu, na kweli aliziokoa. Wengi wao walikuwa wamekula meza moja na yeye.

Sasa jirani amekausha maji. Watu wa Kileo walikuwa wanachimba ndani ya mwamba wa Mama Aikande, usoni kabisa pa mashimo yake ya baruti, na Mchunga alikuwa anaona pengo la mita kumi na mbili ambalo halikuwapo.

Kileo alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mbele ya banda, anakula muhindi wa kuchoma.

"Analipua leo," Terevaeli alisema kabla hajashuka vizuri.

"Nani?"

"Usiniulize nani! Mama Aikande. Magharibi yake. Yuko usoni pa watu wetu."

Kileo aliacha kutafuna. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya chini, asiyependa kugombana, na hilo ndilo lililomfanya awe mgumu kukataliwa. "Umemwambia?"

"Sijamwambia."

"Vizuri."

"Vizuri nini, Kileo? Nataka kuvuta mkono." Alionyesha mkono mwekundu wa chuma chini ya bamba. Ukiuvuta, sifuri inakufa, makufuli yote ya kilima yanagoma, na jina la aliyevuta linafika ofisini papo hapo.

"Vuta." Kileo alitupa gunzi. "Wakaguzi watafika na vyombo vyao vya kupimia kwa nyota. Watapima bamba. Kitalu kinafungwa, watu sabini na wawili barabarani. Mimi ndani, wewe ndani. Na msimamizi wa handaki ndani, maana anaweka dole gumba kila asubuhi kwamba sifuri ni sahihi. Msimamizi wa handaki ni nani?"

Terevaeli aligeuza macho kuelekea handakini.

"Ni shemeji yako. Na hajui lolote. Sheria haiulizi ulijua au hukujua." Kileo alisimama akajipangusa suruali. "Sikiliza. Tunataka nini? Watu watoke. Basi watoe. Piga simu chini, sema visigino vimeanza kuyumba, kila mtu apande asimame upya. Mama analipua mwamba wake mtupu, jioni tunarudi kwetu, na shimo lile tunaliziba. Nani ameumia?"

Lilikuwa jambo la akili. Ndilo lililomponza. Lingekuwa la kijinga angelikataa.

Akachukua simu ya handakini.

*

Walipanda wakilalamika. Handaki la Kitalu cha Tisa lilikuwa na mteremko mkali, na kila aliyetokeza juani alikuwa mweupe kwa vumbi na mwekundu machoni.

"Mweka sifuri, mke wako amekufukuza unakuja kutusumbua?"

"Visigino vyako vinayumba kuliko mlevi wa Jumapili!"

Walijipanga mbele ya bamba. Hii ilikuwa kazi waliyoifanya kila asubuhi: unapanda juu ya bamba la chuma, unatulia kama unapigwa picha, mpaka kisigino kitetemeke. Ukitikisika unaanza upya. Kwa hiyo waliobaki kwenye mstari kazi yao ilikuwa kumchekesha aliye juu.

Bingwa wa kuchekesha alikuwa Gwandu, mtu wa Mbulu mwenye mvi kidevuni, aliyekuwa akichimba uso mmoja wa mwamba pamoja na Lemburis. Leo naye alipanda akiwa na jipya.

"Msimtazame huyo aliye juu ya bamba," aliwaambia, "anasubiri jibu la posa, na mweka sifuri ndiye baba mkwe." Yule mtu akacheka, akaanza upya. Watu wakapiga kelele.

Terevaeli hakucheka. Alikuwa anatazama kioo cha Mchunga ukutani mwa banda. Jozi za buti zilikuwa vitone vya manjano. Vilipanda kimoja kimoja kutoka handakini, vikajikusanya mlangoni. Kioo kikaandika: *Wote nje.* Alivuta pumzi iliyokuwa imemkaa kifuani tangu dukani.

Kileo alimgusa bega. "Umeona?"

Terevaeli alipitisha macho kwa watu amwone shemeji yake. Akapitisha tena. Lemburis alikuwa mrefu, hapotei katikati ya watu.

"Gwandu! Lemburis yuko wapi?"

Gwandu alisita. Kisha akatabasamu kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Chini ya kwapa lake la kushoto, nyuma ya koti, kulikuwa na jozi nyingine ya buti.

"Usikasirike, mweka sifuri. Yuko kwenye ufa. Umebana, buti zinakwama. Ameshika jiwe kama yai, akasema akiliacha litapasuka, nizibebe buti nimsimamie kwenye bamba."

Terevaeli aliijua desturi hiyo. Anayeingia ufa mwembamba anavua buti. Mwenzake anazibeba, anazigonga chini mara moja moja ili Mchunga adhani mtu anatembea. Walimhadithia wakinywa mbege, naye alicheka sana, akawalipia raundi nyingine. Hakuwahi kuliripoti. Lilikuwa jambo la vijana wa kazi.

Na sasa kwa Mchunga, Lemburis alikuwa nje, juani, anapumzika.

"Mpigie simu!"

"Simu iko njia panda. Ufa uko mbali, hasikii."

Terevaeli alipiga hatua kwenda kwenye bamba. Kileo alimshika mkono, si kwa nguvu.

"Ni mtu mmoja," alisema kwa sauti ya chini. "Yuko hai. Anahitaji kuitwa tu. Gwandu anaijua njia kama kitanda chake. Aende ambebee buti, wapande wote. Ukivuta mkono sasa, umemfunga huyo huyo unayetaka kumwokoa."

"Akilipua?"

"Hajapiga king'ora. Akipiga, bado ana muda wa kukagua. Na Gwandu akishuka, Mchunga atamwona anashuka."

"Atamwona mahali asipo!"

"Basi asiende," Kileo alisema. "Amua."

Gwandu alikuwa anawatazama kwa zamu. Hakujua wanabishana nini. Hata mtu asiyejua angeona sura ya Terevaeli.

"Kuna nini, ndugu?"

"Jirani anataka kulipua," Terevaeli alisema. Hakusema zaidi. "Kamwite Lemburis. Mwambie aliache jiwe. Kimbia, Gwandu."

"Jirani analipua, na sisi tuko mbali naye. Kwa nini nikimbie?"

"Kimbia tu!"

Gwandu alicheka. "Haya, baba mkwe," akasema, akageuka na buti za mwenzake kwapani, akaingia gizani akiimba.

*

King'ora cha Kitalu cha Kumi kililia muda mfupi baadaye. Kilikuwa na sauti ya ng'ombe mwenye uchungu, kikapita juu ya mabanda, na watu wa Kileo hawakugeuka hata. Wengine walikuwa wamelala kivulini. Si chao.

Terevaeli alisimama mbele ya kioo. Vitone viwili vya manjano vilikuwa vinashuka pamoja, jozi moja miguuni mwa mtu, nyingine kwapani mwake. Vilifika njia panda. Vikaingia tawi la mashariki. Upande wa pili wa kioo, duara jekundu la Mama Aikande lilikuwa linapumua, likisubiri kukaguliwa.

Alijikuta anavisogeza vitone kwa macho mita kumi na mbili mashariki. Hapa, si hapa. Pale. Kila hatua ya Gwandu aliihamisha kichwani mwake, na kila ilipofika mahali pa kweli ilikuwa ndani ya duara.

Duara lilibadilika rangi. Mchunga alikuwa ametazama, ameona pengo, ameridhika. Kufuli limefunguka.

"Kileo."

"Bado. Watakuwa wanageuka kurudi."

"Kileo, limekuwa kijani."

"Nipe dakika—"

Terevaeli alipiga magoti akaushika mkono mwekundu akauvuta. Haukutoka. Kutu. Akauvuta kwa mikono miwili, mguu ameukita kwenye bamba, akipiga kelele bila kujua anapiga kelele, na watu waliolala wakaamka. Mkono ukakatika kwenye bawaba na kitu ndani ya bamba kikalia. Vitone vyote kwenye kioo vikageuka kijivu. Makufuli ya kilima kizima yakafunga.

Lakini baruti hailipuki mara moja. Inakwenda shimo kwa shimo, kila moja likisubiri kidogo lenzake. Mashimo yaliyotegwa yalikuwa kumi na moja. Kufuli lilizuia saba.

Ardhi ilimgonga magotini mara nne, laini, kama mtu anayebisha mlango wa ndani.

Kisha vumbi likatoka mlangoni mwa handaki, polepole, kama halina haraka.

Watu waligeuka kumtazama. Mmoja, mpiga kompresa, alimwendea akamshika ukosi.

"Kwa nini tumehisi huku? Jirani yuko mbali. Kwa nini tumehisi huku, mweka sifuri?"

Terevaeli alimwambia. Alimwambia mbele ya wote, kwa sentensi tatu. Alitegemea kupigwa. Mpiga kompresa alimwachia ukosi, akavaa kofia yake, akaingia handakini, na wengine wakamfuata bila kuambiwa. Kileo alikuwa ameketi tena kwenye ndoo, mikono kichwani.

Mama Aikande alifika kwa miguu kutoka upande wake, kanga imemdondoka begani, anahema. Alikuwa ameona kufuli likigoma katikati ya kazi.

"Nilikuuliza," alisema. "Nilikuuliza kwani kuna nini."

"Ndiyo, mama."

"Ukaniambia hakuna kitu."

"Ndiyo, mama."

Mama Aikande alipandisha kanga begani. Akamsukuma pembeni akawafuata wachimbaji shimoni, mwanamke wa umri wake, na viatu vya wazi.

*

Lemburis walimtoa jioni. Ufa ule mwembamba ndio uliomhifadhi. Mawe yalianguka mbele yake, si juu yake, isipokuwa mguu mmoja uliokuwa nje. Gwandu alikuwa amesimama mdomoni mwa ufa, ameinama, anamwita mwenzake kwa matani. Lemburis alisema baadaye kwamba jambo la mwisho alilolisikia maishani mwake ni Gwandu akimwambia baba mkwe amekasirika.

Wakaguzi walikuja na vyombo vyao vya nyota, wakapima, wakapata mita kumi na mbili na sentimita nne. Terevaeli hakubisha kitu. Mahakamani hakimu alimuuliza angeweza kuvuta mkono lini. Akasema asubuhi, alipofika tu. Hakimu akamuuliza saa hiyo nani angeumia. Akasema hakuna mtu.

Hasara ya jambo hilo ilikuwa hii.

Gwandu Hhawu alikufa. Aliacha mke, watoto wanne na mama mzee huko Mbulu. Lemburis alipoteza mguu wa kulia kutoka gotini, na usikivu wa masikio yote mawili. Kifungo alisamehewa kwa ajili hiyo, na hakuna aliyeona kama ni bahati. Kitalu cha Tisa kilifungwa, pampu zikazimwa, maji yakarudi. Wachimbaji sabini waliobaki walikwenda walikokwenda. Mama Aikande, asiye na kosa, alizuiwa kulipua mwaka mzima, na mkanda wake ukazama tena. Kileo alipata miaka mitano. Terevaeli alipata tisa, akanyang'anywa leseni na duka. Namkunda alifika gerezani mara moja, akamletea sabuni na blanketi, akakaa naye mpaka muda ulipokwisha. Alipoinuka alimwita kwa jina lake, Terevaeli. Toka utotoni alikuwa akimwita kaka.